Mama Mkubwa na Mlinzi Aliyenyamaza

Mama mkubwa wangu hupiga deki kwenye ofisi ya ushauri nasaha, na mdomo wake hauna breki. Wiki tatu alimwona mlinzi mmoja akija na kukaa kimya. Alikuwa amesinzia zamuni, mwenzake akavamiwa na kuumizwa. Kila kikao mshauri alimwambia, "Huna kosa." Jamaa akazidi kunywea.

"Mwanangu, kosa analo," mama mkubwa alimnong'oneza mshauri mlangoni. "Dini inatufundisha binadamu hukosea na hutubu. Ukimnyang'anya kosa lake, atatubu nini?"

Mshauri akarudi ndani, akauliza, "Unataka kumwomba nani msamaha?" Mlinzi akalia, akaomba apelekwe kwa mwenzake.

Mimi, niliyeishia nusu ya diploma ya saikolojia, nikampongeza mama mkubwa aliponisimulia hayo nyumbani, nami nimekaa kitini.

"Inua miguu, nusu msomi," akanijibu, "nipige deki."