Fito za Maharage Zilizochipua

Kwetu milimani, shamba la kuazima ni la mahindi na maharage, mazao unayovuna ukaondoka. Mti haupandwi. Anayepanda mti ameweka mguu, na kesho atasema shamba ni lake. Sheria hiyo bibi yangu aliishika kuliko kitu chochote baada ya swala tano. Kwa hiyo niliporudi likizo kutoka shule ya kati nikamkuta mlangoni bila ushungi, nilijua kuna msiba au kuna mti.

Ulikuwa mti. Tena safu nzima.

Jirani yetu, mzee mgane mwenye kikohozi cha kujitangaza, alikuwa ameazima shamba la bibi la bondeni, lile pekee lenye maji karibu. Alipanda maharage ya kutambaa, akakata fito za kuyaegemeza kwenye mforosadi wa bibi mwenyewe, kwa ruhusa yake. Maharage yakavunwa, fito zikabaki. Vuli ikanyesha, fito zikatoa majani. Jirani alipoyaona majani, naye akachipua wazo.

“Dada,” alimwambia bibi, “miti yangu imeshika.”

“Miti gani? Hizo si fito?”

“Zilikuwa fito.”

Bibi alimjibu kwa Kishambaa, maana Kiswahili chake hakikuwa na matusi ya kutosha. Kisha akaingia ndani akalia. Bila bonde lile, kiangazi tusingekuwa na mboga wala viazi. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Kesi ikafika kwa zumbe, mtawala wetu wa pale, aliyekalia debe la mafuta ya taa na kupenda kesi kama wengine wanavyopenda sukari. Jirani akasema miti imepandwa kwa mkono wake. Bibi akasema mkono huo ulikuwa unapanda maharage. Wazee wakaguna huku na huku.

Nikanyoosha kidole kama niko darasani. Wasichana wa shule ya kati tulikuwa wachache, na watu walitusikiliza kama redio, hata wasipoelewa.

“Shikamooni. Mti wa mbegu una baba na mama,” nilisema. “Fito haina. Ndani yake mna seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli inanakili kila kilichomo ndani yake, halafu inajigawa katikati. Zinakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, hivyo hivyo mpaka mzizi huu na jani lile. Hakuna mume, hakuna harusi.”

“Na mahari?” aliuliza zumbe.

“Hakuna, zumbe.”

Wazee wenye watoto wa kiume wakasogea karibu.

“Ikishajigawa, yupi mama, yupi mtoto?” zumbe aliendelea.

“Hakuna mama, hakuna mtoto. Ya kwanza haipo tena, zipo mbili zinazofanana.”

“Kwa hiyo hafi mtu?”

“Hafi mtu.”

“Wala hakuna urithi wa kugombea?”

“Hakuna.”

“Basi hao hawana haja ya zumbe,” alisema kwa huzuni.

Nikaona nimewakamata. Nikasema fito zile si miti mipya, bali ni mforosadi uleule wa bibi, umejigawa tu. Mti ni wa bibi, na popote uliposimama ni pa bibi. Bibi akapiga kigelegele. Mimi nikajiona wakili aliyeletwa kutoka Tanga.

Jirani akakohoa. “Na huo mforosadi wa bibi yako, binti, ulitoka wapi?”

Kigelegele kikakatika. Ulitokana na kijiti ambacho bibi alipewa na marehemu mke wa jirani.

“Basi ni mti wa mke wangu,” alisema jirani. “Uliposimama ni pangu. Na nyumba iliyo chini ya kivuli chake tutaizungumza.”

Nilikuja kutetea bonde, nikapoteza na nyumba. Bibi alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

Lakini zumbe alikuwa ameshanogewa. “Na marehemu alikipata wapi kijiti?”

“Kwai,” jirani alijibu bila kufikiri. “Kwenye bustani ya mzungu, alikokuwa akifua nguo.”

Siku zile Bwana Shamba, mzungu wa kilimo wa serikali, alikuwa akizunguka vilimani kutulazimisha kulima kwa matuta, na hakuna aliyetaka mzungu yeyote apate sababu nyingine ya kuingia uwanjani mwake. Wazee walianza kutazama chini. Kila mmoja alikuwa na mforosadi nyumbani, na kila mforosadi ulitoka kwenye kijiti cha jirani fulani, mpaka kufika kwenye bustani ile ya mzungu. Zumbe mwenyewe alikuwa na mitatu.

“Binti,” aliniuliza kwa sauti ya chini, “haya ya seli umemwambia nani mwingine?”

“Hakuna, zumbe.”

“Usimwambie.”

Hukumu ikatoka papo hapo: fito ni fito. Baraza zima likateremka bondeni kuzing’oa kabla jua halijazama, jirani akiwa mbele, akivuta kuliko wote. Bibi akarudishiwa bonde lake, nami nikacheka mpaka nikalia.

Msimu uliofuata jirani alikuja kuazima tena. Nilisema afukuzwe. Bibi akanigeukia kwa ukali.

“Na kiangazi atakula nini? Seli?”

Akampa. Ila alimwamuru kwanza azikaushe fito juu ya meko, kisha azilete zikaguliwe. Bibi aliketi akazikwaruza gome kwa ukucha, moja baada ya nyingine, jirani amesimama kando kama mtoto anayekaguliwa masikio. Iliyokutwa na ubichi aliivunja gotini. Zilizobaki alimsaidia kuzibeba mpaka bondeni.