Goti la Dada Veronika

Nilipokuwa mtoto kule Kwihara tulikatazwa kukimbia kwenye njia ya zamani ya misafara jua likianza kushuka, na wala si kwa sababu ya nyoka. Bibi, aliyetulea, alisema wapagazi waliofia njiani na mizigo yao bado wapo, magoti yao yamechoka, wanatafuta wa kuwapokea. Ukisikia goti linauma, ujue wamekushika. Uiache njia, ukae, usibebe hata ndoo, mpaka wakuachie.

Dada yangu Veronika alikuwa na mbio kuliko wote shuleni, na mazoezi alifanyia palepale, kwa kuwa palinyooka.

"Bibi, hao wazee wako hawanipati!" alicheka.

"Hawakimbizi mtu, mjukuu wangu. Wanangoja uchoke."

Goti likavimba wiki ileile ya kugombea nafasi kwenye timu ya mkoa. Bibi akaficha viatu. Mwalimu wa michezo akaja nyumbani na bandeji na vidonge vya maumivu. "Shikamoo bibi. Tusimharibie mtoto bahati kwa hadithi."

Bibi hakuitikia. Sijawahi kumwona akimnyima mtu marahaba, ila siku ile.

Vero akameza vidonge, akaazima viatu, akakimbia, hasikii maumivu yoyote, anaongoza, sisi tunapiga vigelegele, na kwenye kona ya mwisho nikaona mguu umekwenda huku na yeye kule. Hakukimbia tena, na mpaka leo ngazi anashuka kinyumenyume.

Sasa naishi mjini, Gongoni, nina binti, Neema, naye ana mbio, na juzi karudi kutoka shule anachechemea, nikashika goti, la moto. Nikambeba mbiombio hospitali. Daktari akasema apumzike, abandikwe barafu, mguu uwekwe juu ya mto, akipata homa nimrudishe siku hiyohiyo. "Na kidonge kisimdanganye kwamba amepona."

Leo mwalimu wake kapiga simu. "Mama Neema, mpe dawa tu, Jumamosi tunamhitaji."

Nimekataa.

Wapagazi wapo, hawapo, sijui, nimesoma mpaka sekondari na njia ile bado siipiti. Ila nadhani Bibi alijua maumivu yanamwambia mtu asimame, akayapa sura ili tuyaogope. Neema amenuna, hataki kula, anasema nimemharibia. Sawa. Anichukie, lakini anichukie akiwa anatembea.