Manyoya ya Shingo ya Jogoo

Juma lililopita nilirudi kwetu Mjimwema, na mama akanichinjia jogoo. Nilipotoka uani alikuwa ameshammiminia maji ya moto kwenye karai, manyoya yamelowa na yanatoa ile harufu unayoijua. Mkono wangu ukaenda wenyewe shingoni mwa jogoo, ukachomoa manyoya matatu. Mama akanitazama kama anayetazama mtu aliyechanganyikiwa. Yeye alikuwa amesahau, lakini mimi nilikuwa nimeshakumbuka kila kitu.

Nilipokuwa darasa la tano, nyumba ya pili kutoka kwetu alipanga nesi wa hospitali, mgeni kutoka upande wa Mbeya. Watoto tulimwita Mama Nesi. Jumamosi wenzake walisukana nywele; yeye alikaa barazani akifunga chambo. Si chambo cha minyoo, ndugu yangu. Alichukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi na manyoya mpaka ikawa mdudu kabisa, ukiiweka mkekani unahofia itaruka. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akiwafungia wavuvi wa Kizungu kwenye mito ya baridi ya kwao. Hadi leo sijaona vidole vyenye utulivu kama vile.

Hakununua kitu isipokuwa ndoana. Mwili wa mdudu ulitoka kwenye sweta kuukuu la kijivu alilolifumua. Uzi wa cherehani aliupitisha kwenye nta ya nyuki ili ushike. Ndoana aliishika kwa koleo la hospitali lililochakaa, na koleo lenyewe akalibana chini ya goti. Aliponikubalia nijifunze, mimi nilitaka manyoya mekundu, tena na uzi wa rangi ya machungwa. Akanipeleka mto Luhira, akapindua jiwe, akanionyesha vidudu vilivyojishikiza chini yake, vyote rangi ya udongo.

"Unamfungia samaki," akasema. "Hujipambi wewe."

Nikaacha mbwembwe. Nikajifunza kuuzungusha uzi kwenye ndoana kwanza, bila kuacha pengo, maana bila hivyo kila utakachofunga juu yake kitateleza. Lililonishinda ni kubakiza nafasi karibu na tundu la ndoana. Kila mara nilijaza manyoya mpaka tundu likaziba, pa kupitisha mshipi pakakosekana. Mama Nesi hakufoka. Alichukua wembe, akakata vyote, akanirudishia ndoana tupu. "Rudia, mama." Alikuwa na kopo la peremende alimotunza vyambo vyake vizuri, na mimi nilitaka kimoja changu kiingie humo. Nilikitaka kiingie kuliko nilivyotaka gauni la Pasaka.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Angeondoka wiki moja baada ya Pasaka, na koponi sikuwa na hata kimoja.

Alikuwa amenifundisha kwamba manyoya bora ni ya shingo ya jogoo mzee, magumu, yasiyonywa maji, na ni lazima yachomolewe makavu, kabla ya maji ya moto. Siku ya Pasaka nilimsihi mama anisubiri nitoke misani. Hakunisubiri, wageni walikuwa njiani. Nilirudi nikakuta jogoo ameshalowa, nikalia. Kwa kuwa sikuwa na mengine, nikayaokota yaleyale yaliyolegea, nikayaanika dirishani, nikafunga peke yangu polepole, na safari hii nikabakiza nafasi.

Jumamosi ya mwisho nilimpelekea chambo hicho. Akakigeuzageuza, wembe mkononi, akauliza kama kuku alikuwa ameshamwagiwa maji. Nikakiri, macho chini. Akauweka wembe mkekani.

"Hiki tusikikate. Twende tukawaulize samaki."

Mtoni chambo chake kikaelea vizuri kama kawaida yake. Changu kikazama palepale. Kwa aibu nikaanza kuuvuta mshipi niutoe, na ndipo ukakaza. Samaki mwenyewe alikuwa wa urefu wa kiganja, lakini Mama Nesi alicheka mpaka akaketi kwenye majani. Alisema manyoya laini yanacheza ndani ya maji, na kwamba miaka yote hiyo yeye hakuwahi kuyajaribu kwa sababu baba yake alikataza. Fundi mzima anamwambia hayo mtoto wa darasa la tano. Akakikausha chambo changu kwa upindo wa kitenge, akafungua kopo, akakiweka katikati ya vyake.

Aliondoka nacho, akaniachia koleo. Sikumwona tena, wala sijui aliko. Juzi nilishuka hadi Luhira, pale tulipokuwa tukikaa pamejengwa, na mwenye nyumba alinishangaa nikipindua mawe. Sweta kuukuu siku hizi hakuna anayelifumua. Lakini ninachokikosa zaidi ni mtu mzima wa namna ile, wa kukukatia kazi yako mara ishirini bila kukudhalilisha, kisha siku moja ajifunze kwako na aseme wazi.

Jioni ya siku ile aliyonichinjia jogoo, mama aliyaona manyoya matatu nimeyaanika dirishani. Akauliza manyoya yaliyokwisha kumwagiwa maji ya moto yatanifaa nini. Nikamwambia hayo hasa ndiyo niliyokuwa nayataka.