Tumbo la Meli

Fundi wa mageti alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza, na haukuwa na dawa. Kila Jumamosi mchana alifunga karakana, akanawa masizi, akakaa mbele ya kompyuta kuungana na wenzake ambao hajawahi kuwatia machoni. Mtandaoni, katika mchezo, waliirudia vita ya zamani: ndege zao zilishuka chini, nusura zilambe maji, zikasaka meli za mizigo za adui na kuzipiga mabomu. Wenzake walitaka kurusha ndege tu. Yeye alitaka kujua kwa nini rubani aje chini hivyo, bomu lilidundaje juu ya maji kama kijiwe kinachorushwa na watoto, na meli yenyewe iliundwaje. Basi wakamtwisha kazi ya kuchora meli, naye akachora hadi ribiti zinazoshikanisha mabati ya ubavuni. Mageti ya wateja yalisubiri, na wateja walisema waliyosema.

Jumamosi moja mama yake mzazi aliingia na kikombe chake cha chai, akavuta kiti. Baba yake huyu mama alikuwa mchochea makaa kwenye meli ya mizigo, akazama nayo vitani kabla bintiye hajaota meno. Hakuna aliyerudi kusimulia. Fundi aliyajua hayo tangu utotoni lakini, tuseme ukweli, hakuwahi kuyahusisha na mchezo wake.

Mama aliomba aonyeshwe meli. Mwana, kifua mbele, akaizungusha, akamwonyesha bomba la moshi, milingoti, mashua za kuokolea watu. Mama akauliza wachochea makaa walikaa wapi. Chini kabisa, akajibiwa. Akataka kushuka huko.

Fundi akasogeza picha, ikapenya sitaha. Ndani hamkuwa na kitu, si sakafu wala ukuta. Marubani huiona meli kwa nje tu, kwa hiyo tumbo lake hakujisumbua nalo.

"Nilitaka kuona alikuwa wapi," mama akasema. "Miaka yote hii namfikiria, sijui nimweke wapi."

Fundi alishikwa na aibu, asijue aangalie wapi. Wenzake walipomwita waanze, akawaambia watafute meli nyingine, hii aichore ndani kwanza. Mkuu wa kikosi chao cha mchezoni akamkumbusha kwamba huko ndani hakuna atakayepaona. Akajibu kwamba anajua, akazima maikrofoni.

Wiki zilizofuata alichora tanuri, rundo la makaa, beleshi, ndoo ya maji ya kunywa. Mama alikaa pembeni akitoa aliyosimuliwa na mama yake, na kwa maswali akampita mwanawe: makaa yalishushwaje, joto lilitokea wapi, na je, waliokuwa juu waliposikia ndege, wa chini nao walisikia? Hilo la mwisho fundi hakulijua, akakiri. Mwishowe akachora mtu aliyeinamia tanuri na, kwenye ukuta wa mbali, ngazi ya chuma, kama michoro ya meli zile ilivyoonyesha.

Mama akamnyooshea kidole yule mtu.

"Ngazi iko mbali sana," akasema. "Msogezee."

Fundi, mtu wa vipimo, alifungua kinywa aeleze kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaishika ile ngazi, akaisogeza mpaka ikafika mkononi mwa babu yake.