Nywele za Harusi ya Caritas

Anayetaka kusukwa leo atangoja, na asiyeweza kungoja aende kwa mwingine, mimi sijamfunga mtu kamba hapa. Nimemsikia mmoja wenu akiuliza kwa nini dada aliyetoka sasa hivi ana mvi kichwa kizima na hapaki rangi. Umeuliza huku unacheka. Haya, kaa hapo chini ya kaski ya kukaushia nywele, mwenzangu, nikueleze mpaka kicheko kiishe.

Anaitwa Caritas. Kabla vita havijaiharibu nchi hii ya Warundi alikuwa sekreteri katika ofisi ya bima kule Rohero, msichana mwembamba, viatu vya kisigino, kalamu nyuma ya sikio. Kwao ni Mutanga Sud. Mukristo, mtoto wa watu waliosoma, lakini kichwa chake alikileta kwangu hapa Buyenzi kila Jumamosi mchana, kwa sababu ya shangazi yake Spéciose, yule aliyemlea kule Ruziba. Mama Spéciose alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, na alimwambia kwamba mimi Mwantum nina mkono mwepesi. Mkono ni mwepesi kweli. Mdomo ndio mkali, hilo hata mume wangu marehemu alilisema.

Pamoja na kichwa alileta vitabu. Vile vidogo vya mapenzi, vya Kifaransa, vinavyopangwa chini pembeni ya soko kuu, jalada limechanika, msichana mrembo amemwegemea bwana mwenye koti. Sisi Kifaransa chetu ni cha kupunguziwa bei tu. Basi Caritas alisoma wiki nzima, na Jumamosi, nikiwa nimeshika kichwa chake, anatusimulia kwa Kiswahili. Tena alivigeuza. Muuzaji wa dukani Paris anakuwa sekreteri wa Rohero, mto wao unakuwa ziwa letu, bosi mwenye kiburi anapewa nyumba Kiriri na gari jeupe. Wallahi hadithi ilikuwa ni ile ile. Msichana anafanya kazi, bosi anamdharau, mvua inanyesha, wanajikuta chini ya paa moja, wanagombana, wanaoana. Mwisho tunaujua kabla hajaanza, na bado wanawake walikaa chini ya kaski nywele zimekauka zamani, hawatoki mpaka bosi aombe msamaha.

Alimaliza kila kitabu kwa maneno yale yale. Anasema, "Wakaoana, na mama mkwe akanyamaza." Hapo saluni nzima inaangua kicheko, maana hapa kila mtu ana mama mkwe.

Mimi nilimchokoza. Nilimuuliza hawa wasichana wa vitabuni hawana baba wadogo? Hawana misiba? Mutu anaolewa mwezi anaoutaka mwenyewe kama anayechagua kitenge! Akaniambia ndiyo maana anavisoma.

Mchumba wake aliitwa Sylvère, dereva wa Mzee Thabit, yule Mwarabu mwenye duka la vitambaa Rohero. Alikuwa akimngoja nje, ameegesha kamioneti ya kubebea vitambaa chini ya dirisha, na tuligundua kwamba alikuwa anasikiliza hadithi. Siku moja Caritas aliruka sehemu, na Sylvère akauliza kutoka nje ule mwavuli umeishia wapi. Tulimcheka mpaka akawasha gari. Kabila lao hutalisikia kwangu. Miaka ile kila mtu aliuliza hilo kwanza, mimi nimelichoka.

Sasa sikiliza vizuri, maana jambo lote liko hapa. Sisi Waislamu mnajua msiba wetu ulivyo, matanga siku tatu, mjane anakaa eda, basi. Kwa akina Caritas, apana. Kwao msiba unafungwa, halafu unafunguliwa. Mtu akifa, watu wa nyumba wananyoa, hawasuki, hawachezi, hawaozi. Baadaye, karibu mwaka mzima, ukoo unakaa pamoja kuuondoa, wao wanaita kuganduka. Marehemu anazungumzwa, kisha mkubwa wa nyumba anasimama na kusema: wa kusuka asuke, wa kuoa aoe. Kabla ya maneno hayo, harusi hakuna.

Katika mwaka wa amani desturi hiyo ni nzuri, inampa mtu muda wa kulia. Lakini ile haikuwa miaka ya amani. Baba yake Caritas aliuawa mwezi wa kumi wa tisini na tatu, alikuwa amepanda juu mikoani kwa kazi. Caritas akanyoa, harusi ikasogezwa mwaka. Msiba wa baba ulipokaribia kufunguliwa, kaka yake akauawa mjini hapa hapa, siku zile za mji kufungwa na vijana wenye mawe na maguruneti barabarani. Akanyoa tena. Harusi ikasogezwa tena. Alikuja Jumamosi kama kawaida, kichwa kitupu, hana cha kusukwa, anakaa kwenye kiti kile na kutusimulia habari za wasichana wanaoolewa. Roho iliniuma kumtazama.

Baba mdogo wake, Mzee Jovithe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Vita vilimchelewesha, mpaka mwisho wa mwaka wa tisini na sita akaondoa misiba yote miwili kwa siku moja, akasema wa kuoa aoe. Harusi ikapangwa mwaka uliofuata, nywele zikishakua. Wakati huo tulikuwa tumefungiwa mipaka, petroli ya magendo, sukari ya magendo, na meshi nzuri, zile nywele za bandia za kusukia, hupati hata ukilia. Mimi nilikuwa na pakiti moja, nyeusi, laini, nimeificha ndani ya debe la mchele. Niliiweka kwa ajili yake.

Alikuja siku mbili kabla ya harusi. Shangazi Spéciose ndiye alikuwa wa kumtoa nyumbani, ndiye wa kumfundisha, ndiye wa kukaa naye, kwao shangazi ana kazi kuliko mama. Tulimngoja afike kutoka Ruziba. Nikasuka nusu ya kichwa. Nusu hiyo ilikuwa nzuri, sijawahi kusuka vile tena.

Akaingia mama yake Caritas, peke yake, akaniita uani. Spéciose alikuwa amekufa alfajiri ile. Malaria, na barabara ya kusini ilikuwa imefungwa kwa risasi, hakuna aliyeweza kumfikisha hospitali. Mzee Jovithe alikuwa ameshaamua: azikwe kimya kimya, harusi ipite, Jumapili ndipo watangaze. Alisema wafu wameshakula miaka ya kutosha ya mtoto huyu. Mama akaniomba nirudi ndani, nimalize, nisiseme.

Nilirudi na kitana changu. Sikusema neno, na mimi nikinyamaza saluni hii kila mtu anajua kuna jambo. Caritas akanitazama kwenye kioo, akamtazama mama yake mlangoni, akauliza, "Shangazi yuko wapi?"

Mama yake akaanza kulia. Hapo hakukuwa na cha kuficha tena.

Wakamwambia yote, pamoja na shauri la Mzee Jovithe. Na mimi nilimwambia, nilimwambia kwa sauti, kubali! Mama Spéciose mwenyewe angekubali. Ndoa ni ya walio hai, kilio kitangoja siku tatu. Akaishika ile nusu iliyosukwa. Kisha akasema, "Yeye ndiye alikuwa wa kunitoa mlangoni. Siwezi kucheza huku yeye yuko chini ya udongo na hakuna aliyemlilia. Fumua, Dada Mwantum."

Nikafumua. Nilimkasirikia, sikufichi, nilivuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa na hakulalamika. Meshi nikazikunja upya, nikazirudisha kwenye debe, nikasema zitakuwa za mwakani. Kesho yake alinyoa kwao. Sylvère alikuja kuniuliza anaendeleaje, akasema yeye amezoea, kazi ya dereva ni kungoja.

Mwaka ule alingoja vizuri. Walikuwa wamebakiza wiki chache tu kufungua msiba wa shangazi, Mzee Jovithe ameshataja siku. Mzee Thabit akamtuma Sylvère kupeleka vitambaa juu, kwa msafara wa magari yenye askari mbele na nyuma, kama ilivyokuwa lazima. Wakavamiwa njiani, huko kwenye kona za kupanda Bugarama. Magari ya mbele yalipita. La kwake lilichomwa. Mzee Thabit wa watu aliniletea habari mwenyewe, alisimama hapo mlangoni na kofia mkononi akashindwa kuingia.

Ningependa kusema hapo ndipo palikuwa pabaya kuliko pote, lakini sivyo. Caritas alikwenda kwa mama yake Sylvère, akakaa chini na wanawake wa nyumba. Ilipofika siku ya kunyoa, wakanyolewa mama, dada, shangazi. Caritas naye akasogea akainamisha kichwa. Dada mkubwa wa Sylvère akamzuia kwa mkono. Hakumtukana, nasema kweli, alisema kwa upole kwamba Caritas hakuolewa hapa, anayenyolewa hapa ni wa nyumba hii, na akinyolewa kama mjane nani atamchukua tena. Caritas akamgeukia mama yake Sylvère. Neno moja la mama yule lingetosha. Hakulitoa.

Akatoka pale akaja kwangu kwa miguu. Nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti, nikamtoa bibi harusi. Caritas akakaa, akasema, "Ninyoe wewe."

Nikachukua wembe. Na nilipokuwa nikimnyoa niliwaza jambo ambalo mpaka leo linanichoma: kama angekubali siku ile nimalize nusu ya pili, leo angekuwa mjane. Mjane ana mkeka wake wa kukalia. Nadhani na yeye aliliwaza, ila hajalisema hata siku moja.

Mwaka ukapita. Nyumba ya Sylvère ikauondoa msiba wake, ndugu zake wakasuka, mdogo wake akaolewa. Caritas hakuitwa. Akaendelea kuja Jumamosi, nywele zikichipua kidogo ananiambia nyoa. Nilimwambia inatosha. Akanijibu kwamba Mzee Jovithe hawezi kufungua msiba ambao hakuufunga, na kule walikoufunga yeye hakuwamo. Sasa nani wa kumwambia asuke? Mwaka wa pili hivyo, wa tatu hivyo, mpaka wa saba. Wanaume walimtaka, wazuri, mmoja mhasibu wa ofisini kwao. Aliwaambia yuko msibani. Msiba wa nani, wanauliza, na yeye si mjane wa mtu. Na vitabu aliacha. Wasichana wapya waliosikia sifa zake walimwomba asimulie, akawaambia macho yamechoka.

Mwaka huu mmeuona wenyewe. Watu wamepiga kura, usiku tunalala, kila Jumamosi harusi zinapita na honi mpaka kichwa kinauma. Miezi michache iliyopita akaja, akakaa, akainamisha kichwa kwa ajili ya wembe. Nje msafara wa harusi unapita. Nikashikwa na hasira, sijui ya nini, hasira ya yote. Nikautupa wembe kwenye beseni.

Nikamwambia, "We Caritas, nani alikunyoa msiba wa Sylvère?"

Akasema, "Ni wewe."

"Basi aliyeufunga ni mimi. Na leo mi naufungua."

Akanitazama. Nilidhani atainuka aende. Hakwenda. Nikafunga mlango, nikaagiza Fanta za kunywa, wanawake waliokuwemo wakakaa chini wote, hata wale waliotaka kuwahi sokoni. Sijui utaratibu wa Warundi wote, ila najua kwamba kwanza marehemu anazungumzwa. Nikamwambia amzungumze.

Akamsimulia kama alivyosimulia vitabu vyake. Alianza na sekreteri wa Rohero na dereva wa vitambaa. Akaeleza mvua ya siku ya kwanza, kamioneti iliyokwama, dereva aliyelala na njaa ili yeye apate nauli ya teksi. Akaeleza dirisha langu na ule mwavuli, na tukacheka, wallahi tulicheka. Akaeleza kungoja. Kisha akafika mwisho, akasimama. Sisi tuliokuwepo zamani tulijua maneno gani yanafuata.

Akasema, "Hawakuoana. Na mama mkwe akanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Nikasimama mimi, msusi wa Buyenzi, si shangazi, si mkubwa wa nyumba ya mtu. Nikasema wa kusuka asuke. Lile neno la kuoa sikulisema, na hakuna aliyeniuliza.

Alilia siku hiyo. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwona akilia.

Nywele zimechukua muda kukua. Leo ndiyo mara ya kwanza zimetosha kushikika, na mmeziona, zimetoka nyeupe. Kwa wembe wa kila wiki hatukujua, si yeye si mimi. Nilifungua debe la mchele, nikatoa ile pakiti ya meshi, nikaiweka karibu na kichwa chake. Nyeusi tii. Haikulingana hata kidogo. Nikamwambia tupake rangi kwanza, ifanane, nina rangi nzuri. Akaishika ile meshi, akaipapasa, akanirudishia.

"Apana, Dada Mwantum," akasema. "Hizo zilikuwa za msichana mwingine. Mimi nisuke hivi hivi."

Nikamsuka hivyo hivyo. Pakiti imerudi kwenye debe, na asiniombe mtu. Haya, nani alikuwa wa kwanza?