Mbuzi wa Mzee Eliezer

Jirani yangu Tamar ana duka dogo la video pale Mulekera, ukuta kwa ukuta na cherehani yangu. Kazi yake ni kuunganisha picha za arusi. Nasema kuunganisha, maana kukata hakati. Kwetu Beni, anayeleta zawadi lazima aonekane tangu langoni hadi kwenye kiti cha bibi arusi. Shangazi akikosekana na beseni lake la zawadi, ukoo mzima utakuja dukani kuuliza ana kosa gani. Ndiyo sababu arusi za Tamar hazina mwisho.

Siku hizi kila mtu anajipigia video kwa simu, na wateja wake wamepungua. Basi Mchungaji Siméon alipompa chumba cha kanisa afundishe vijana wasiojua kitu kutengeneza video, alifurahi. Somo la kwanza likienda vizuri, chumba kingebaki chake. Likiharibika, kingerudi kwa kwaya iliyokuwa ikikitumia.

Hapo ndipo kichwa kilipomvurugika. Alikuja kuniuliza aanze na nini. Nikamjibu, na kukata. Akasema hajawahi kumkata mtu. Akaenda, akarudi: labda sauti. Akarudi tena: labda rangi. Mimi nashona mkono wa blauzi, yeye ananijaza mawazo yake, mpaka nikaushona kinyume. Kwa hasira nikamwambia achukue video ya arusi yake mwenyewe, iliyofanyika Butembo, ambayo haina mteja wa kumgombeza. Akaenda kuitafuta.

Jumamosi, siku ya somo, nikaenda kukaa nyuma ya vijana, Mchungaji akasimama mlangoni. Tamar akawasha video ya arusi yake, na kwenye ukuta tukamwona Mzee Eliezer, baba yake Tamar, akiingia na mbuzi wa zawadi. Mbuzi akagoma. Mzee akavuta, mbuzi akarudi nyuma, na vijana wakacheka sana. Wote walikubaliana kwamba kipande hicho ni kirefu mno, kiondoke. Kisha mzee akajifuta jasho, akamtazama binti yake.

"Ungoje kidogo, Tamar. Niko nakuya."

Anakuja, anasema. Mwaka juzi Eliezer alikwenda shambani kwake upande wa Eringeti, ambako waasi huteka watu, na hajarudi. Hakuna mwili, hakuna matanga. Mtu akimuuliza Tamar kama baba yake yupo, hajui aseme ndiyo au hapana.

Vijana hawakuyajua hayo. Binti mmoja, Bénite, akauliza kwa adabu: "Madame, tukate wapi?"

Tamar akaipeleka picha mbele, akairudisha nyuma, akaipeleka tena. Mchungaji akakohoa. Nilimwona Tamar amepotea kabisa, kama siku zile zote alizokuja kwangu na maswali. Mwishowe akaondoa mkono kwenye mashine.

"Mukate fasi ya bibi arusi," akasema, akionyesha sehemu alipo yeye mwenyewe. "Papa mumuache kwanza afike."

Mchungaji akaweka ufunguo wa chumba mezani mbele ya Tamar, akatoka. Vijana wakaanza kuliondoa gauni jeupe la Tamar kipande kwa kipande, naye akakaa kumtazama mzee akivuta mbuzi wake.