Aliyeambiwa Ametumwa

Nitenganishe kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, maana nchi hii imeharibiwa na watu wasiojua tofauti ya mambo hayo mawili. Kwamba mzee mmoja wa Adungosi, aliyetumia nusu ya umri wake kuandaa hati za malori mpakani Malaba, alifariki wiki iliyopita katika hospitali ya Kocholia, niliambiwa na mkewe kwa simu. Kwamba aliuawa na aibu, nimeambiwa na watu wengi ambao hawakuwapo kando ya kitanda chake, na hilo siliandiki kama ukweli. Niliyoyashuhudia ni mdahalo mmoja na mazishi mamoja. Nayaandika kwa hasira, na msomaji asidhani kwamba ni majonzi tu.

Hakuwa rafiki yangu. Tulijuana kwa kubishana, naye alikuwa mgumu wa kukubali kosa, kama mimi. Siku ya mdahalo wa wale watatu wanaoitafuta tiketi ya chama kuwania urais, alipita kwangu hapa Busia asubuhi, akaketi barazani, akaandika swali lake kwenye karatasi. Alilifuta mara tatu. Hakuna mkono mwingine ulioigusa kalamu ile, na hilo naliapia. Alasiri, ukumbini, alipopewa kipaza sauti, alisoma taratibu, miwani ikimteleza puani: kwa nini mama mwenye gunia moja la mahindi huvuka kwa njia za panya, ilhali sheria imemwekea fomu nyepesi isiyohitaji wakala wa forodha? Na mheshimiwa, alipokuwa na kauli juu ya mpaka huu, mbona hakuhakikisha fomu hiyo inapatikana hapa?

Lilikuwa swali la mtu anayeijua kazi yake. Nilikuwa safu ya pili, nikamwona mwaniaji aliyeulizwa akitazama karatasi zake na kukosa pa kushika. Kisha akatabasamu. "Mzee wangu, hiyo swali ni yako ama umetumwa?" Mzee akasema, "Nimeandika mwenyewe, mheshimiwa." "Mbona basi unaisoma kama mtoto wa chekechea? Watu wa Busia, mnaona vile wapinzani wangu wamechoka? Sasa wananitumia mababu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka, akapokea swali jingine. Mimi niliyejua ukweli sikusimama. Nilijiambia kwamba mdahalo una utaratibu wake. Hiyo ni hukumu yangu, nami siikatii rufaa.

Kipande kile kikakatwa, kikazunguka simuni bila swali lenyewe. Kilianzia kwenye "umetumwa" na kuishia kwenye kicheko. Siku chache baadaye nilitembea na mzee Malaba, na mwendesha bodaboda akampigia kelele, "Babu, leo umetumwa wapi?" Wenzake wakapokezana maneno hayo hadi tulipofika kwenye kizuizi. Dada mmoja wa kwaya yake alimwuliza mbele yangu kama bahasha ilikuwa nene. Baada ya hapo hakwenda tena Malaba, wala kanisani. Mtu aliyeweka sahihi yake chini ya maelfu ya hati bila hata moja kurudishwa alikuwa amenyang'anywa jina lake kwa sentensi moja.

Tunaambiwa kwamba midahalo huwasaidia wajumbe kuchagua kabla ya kura ya mchujo. Nimewasikia wajumbe hao kwa masikio yangu, chini ya hema la mazishi, wakieleza kwa nini watamchagua yule: "Huyo anaweza. Uliona vile alimaliza mzee?" Hakuna aliyekumbuka mzee aliuliza nini. Tumeutwaa mtihani tukaufanya ngoma, na anayecheza vizuri zaidi juu ya mgongo wa mwenzake ndiye tunayetaka kumkabidhi nchi. Atakayeshinda kwa kumdhalilisha muulizaji atatawala kwa kuwadhalilisha waulizaji, na wajumbe wasije wakalia siku zamu itakapowafikia. Mkuki kwa nguruwe.

Mwaniaji yule alikuja kuzika, bila shaka, kwa kuwa mchujo umekaribia. Desturi ya hapa ni kwamba kabla jeneza halijashushwa, mzee wa ukoo huuliza kama kuna mwenye dai juu ya marehemu; lisilotajwa hapo huzikwa naye. Nilikuwa nimemwomba mzee huyo tangu asubuhi aniachie kazi hiyo, naye akakubali. Nikamngoja mwaniaji ashike kipaza sauti, ndipo nikasimama.

"Mheshimiwa, ulidai huyu alitumwa. Jeneza ndilo hili. Mtaje aliyemtuma."

"Mzee, hapa si mahali pa siasa," akaniambia. "Tumekuja kumpa mama pole."

"Sikukuuliza siasa. Nimekuuliza jina."

Kutoka nyuma, kwenye pikipiki, sauti ikapaa: "Boss, jibu swali!" Nyingine ikadakia, "Ama pia wewe umetumwa?" Safari hii kicheko hakikuwa chake. Aliwatazama wajumbe wake. Nao walikuwa wakitazama nyasi.

"Ile ilikuwa tu mchezo wa jukwaa," akasema.

Jambo hili lilinipendeza kuliko ninavyopaswa kukiri, na sitaliomba radhi. Wanaoniambia kwamba mwenye kulipiza ni Mungu peke yake, waniombee. Ninasikia kwamba wajumbe kadhaa wamebadili nia. Sijui, sijawaona wakipiga kura. Somo nililolipata ni dogo na la kuniuma mwenyewe: anayeujua ukweli ausimamie siku ile ile, ukumbini, mwenye jina angali hai kulisikia likisafishwa.

Mjane aliinuka bila kusaidiwa. "Huyu hana dai," akasema. "Mzikeni mume wangu." Nikashika kamba ya upande wa miguu, pamoja na wenzangu watatu, tukamshusha.